Laita Arobaini na Mbili na Plagi Moja

Jumapili, 2 Februari 2025

Misa ya kwanza, nyumbani, chai, mlango kufungwa. Baba Seli, mume wangu, dereva wa watalii, yuko Serengeti na wageni wanne mpaka Ijumaa. Seli yuko chuoni. Jumapili kama hii ni yangu mimi na laita zangu.

Nimezimwaga zote kitandani juu ya khanga. Arobaini na tatu. Miaka kumi na tisa nasimamia usafi wa vyumba pale lodge, na hadithi ni ile ile: mgeni anamaliza safari, anaambiwa ndege ndogo ya Manyara haitaki laita ya petroli, anaiacha mezani au ananipa mkononi. Kila moja ina karatasi yake ya getini yenye sahihi ya meneja, maana kwetu hutoki hata na kipande cha sabuni ya mgeni bila karatasi. Karatasi zipo kwenye bahasha, arobaini na mbili. Polisi waje tu.

Na sijawahi kuvuta hata pafu moja! Nani ataamini. Mimi napenda mlio. Klik, umefungua. Krrr, gurudumu limekwaruza jiwe. Klak, umefunga. Laita inajulikana kwa kufunga. Iliyotengenezwa kwa haraka inasema tik, kama mtu anayeaga huku anaondoka. Nzuri inasema klak, na unajua mazungumzo yamekwisha. Viberiti vya gesi vya dukani sivihesabu hata kidogo, vile vinazaliwa vimeshakufa.

Leo nimebadilisha utambi wa ile ya shaba ya mama Mholanzi. Mbili nimezitia mawe mapya. Petroli ya laita imebaki nusu chupa, hiyo naagiza Arusha. Baba Seli kila siku ananiuliza kwa nini nisitie ya kituo cha mafuta. Ya kituo inatoa masizi, inanuka gereji! Ndiyo maana hana ruhusa ya kugusa boksi langu. Yeye avute sigara zake tano kwa siku na kiberiti cha njiti.

Ya arobaini na tatu haina karatasi kwa sababu si yangu. Ni ya Mzee Rainer, Mwaustria, mtu wa kiko. Alikuja kila Februari miaka sita mfululizo. Siku ya kuondoka anaitia kwenye kifuko chake cha ngozi, anaiweka kiganjani mwangu: Hyasinta, mpaka mwakani. Mwaka unaofuata, jioni ya kwanza, anakaa barazani na kunyoosha kiganja bila kusema neno. Namwekea. Nimeshaijaza. Mwali wake unalala upande, unaingia ndani ya kiko bila kuunguza kidole. Ubavuni ina kijiti kidogo cha kushindilia tumbaku. Ndiye aliyenifundisha yote ninayojua kuhusu vitu hivi.

Mara ya mwisho ilikuwa 2023. Baadaye aliandika kwamba anaumwa. Tangu hapo sijafungua kile kifuko — amana haichezewi. Nainua tu, napima uzito, narudisha. Leo pia nimeinua. Kizito vile vile.

Jumatano, 5 Februari

Evelyn ameniita ofisini. Ndiye meneja wetu, binti wa Machame, namzidi miaka ishirini. Ananiita mama na kuniamrisha katika sentensi moja.

Mzee Rainer amefariki. Novemba. Binti yake Katrin ameandika. Kwenye daftari la baba yake amekuta orodha ya vitu vyake na mahali vilipo, na humo kuna mstari unaosema laita iko kwa Hyasinta, Karatu. Anakuja tarehe 18. Anakuja kwa ajili ya laita.

Evelyn alikuwa ameshajibu. Alinisomea jibu lake kwa madaha: hapa kwetu kitu cha mgeni hakipotei, Hyasinta anaitunza kama mboni ya jicho. Nikasema ndiyo, naitunza. Kisha nikaenda stoo ya mashuka nikalia. Sinyati wa kufulia alikuja kuchukua foronya, akanikuta, akakaa nami bila kuuliza kitu. Nampenda Sinyati kwa hilo.

Nimerudi nyumbani saa kumi na mbili. Nikasema leo nafungua, niisafishe, niijaze, binti aikute inang'aa.

Nimefungua kifuko.

Plagi.

Plagi ya pikipiki! Imetumika. Ina masizi mdomoni.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi nimeangalia tena. Bado ni plagi.

Simu ya Baba Seli haipatikani, huko alipo hakuna mtandao. Nimemtumia ujumbe wa neno moja: "Plagi?" Atauona akifika getini.

Ijumaa, 7 Februari

Ameuona. Nimejua kwa sababu amepitia mnadani, akaja na nyama choma kilo nzima, imefungwa kwenye gazeti, na ndizi, na pilipili pembeni. Mwanaume asiye na hatia haji na pilipili pembeni.

Nikaweka plagi mezani katikati yetu. Akaitazama kama anamwona mtu waliyesoma naye. Kisha akasema yote. Naandika hapa ili kesho asije akabadilisha.

Aprili 2023 alikuwa na wageni kule Piyaya. Mvua. Gari likazama kwenye tope mpaka kwenye difu. Akatokea mzee mmoja wa Kimasai, Metui, na wanawe na punda, wakavuta tangu saa tatu mpaka saa tisa. Gari lilipotoka, Baba Seli akawasha sigara. Kwa laita ya Mzee Rainer! Alikuwa "ameiazima" kwenye boksi kwa sababu njiti zake zililoana. Upepo unavuma na mwali hauzimiki. Metui akaomba aione. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Akasema hii nzuri.

"Sasa ungefanyaje wewe, Mama Seli? Mtu amekutoa kwenye tope."

"Ningempa soksi zangu," nikamwambia.

Alimpa laita. Miezi kadhaa baadaye Metui akampa kondoo. Tangu siku hiyo hawaitani kwa majina, wanaitana Paker. Miaka miwili nasikia kwenye simu, Paker vipi mvua, Paker ng'ombe hawajambo, nikadhani ni mtu ana jina la Paker.

Na yule kondoo ndiye tuliyemchinja Krismasi ya mwaka ule. Nilimla. Niliomba supu mara ya pili. Nakumbuka vizuri nilisema kondoo huyu ana baraka.

Nikauliza, na plagi je? Akasema aliitia ili nikiinua nisisikie wepesi. Alipima mkononi vitu kadhaa kabla ya kuchagua. Alisema hivyo na fahari kidogo, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye mahindi mpaka hasira ikashuka.

Nilipoingia nikamwambia ampigie huyo Paker aidai. Akanitazama kama nimemwambia akamtukane mtu msibani.

Nyama nimekula. Haina kosa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemuuliza Sinyati, yeye ni Mmasai, kwao ni Nainokanoka. Nilisema ni habari ya jirani. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyo jirani yako ana shida, mama.

Kwao waliopeana mnyama wanaacha majina yao, wanaitana kwa mnyama. Wa ng'ombe ni Pakiteng, wa kondoo ni Paker. Ni undugu kabisa. Ukirudi kudai ulichotoa, umemwambia mwenzio sikujui tena, na watoto wenu watarithi kutojuana huko.

Hakuna njia? Ipo, akasema. Unaweza kupeleka zawadi kubwa zaidi, mtamba kwa mfano. Naye atakujibu kwa kitu anachopenda yeye. Si unachotaka wewe. "Unaweza ukapeleka mtamba ukarudi na kibuyu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Maana ninao mtamba. Mweusi, ana baka jeupe kwenye paji, yuko kwa kaka yangu Emmanueli kule Kansay. Nilimnunua kidogo kidogo kwa bahshishi za vyumbani, awe wa uzeeni. Na sasa nakaa hapa nampima mtamba wangu na laita.

Baba Seli amekula makande leo, ya jana. Hakuuliza.

Jumapili, 9 Februari

Jumuiya ilikuwa kwa Martha, mwenyekiti wetu. Kwenye maombi ya waamini akafumba macho, akasema tumwombee dada yetu mmoja, yupo hapa kati yetu, anapambana na moshi, Bwana ampe nguvu ya kuacha. Watu ishirini wakaitikia. Nami nikaitikia! Ningefanyaje?

Kumbe Ijumaa aliniona dirishani nikiwasha zote moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta, labda ile ya Mzee Rainer imechanganyika, labda Baba Seli amekosea, labda muujiza. Wakati wa kuondoka Martha akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba mdogo wake aliacha kwa kutafuna karafuu. Amenipa karafuu kwenye kikaratasi. Nyingine nimetia kwenye pilau, zilizobaki ziko kwenye mkoba.

Jumanne, 11 Februari

Leo nimefanya jambo la aibu.

Ile ya fedha ya Mfaransa inafanana kidogo na ya Mzee Rainer, ukiwa mbali, ukiwa na haraka. Ya Mzee Rainer ina kibonyeo chini, iliwahi kudondoka kwenye mawe kule kwao, zamani. Nikasema Katrin labda ameiona utotoni tu, atakumbuka kibonyeo. Nikachukua nyundo. Nikapiga mara moja.

Nyundo nikaiweka chini. Nikajisikia mwizi. Hata mwali wake unasimama wima, si wa kiko, angeungua vidole, mtoto wa marehemu.

Nimeifuta, nimeirudisha kwenye boksi. Sasa nina laita nzuri yenye kovu bure, na Mfaransa wa watu hakunikosea chochote.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempigia Emmanueli kuhusu mtamba. Kabla sijafika mbali akaniambia hongera dada, ana mimba ya miezi sita. Nikasema asante. Nikakata.

Hiyo ni zawadi ya ng'ombe wawili kwa kibuyu.

Ijumaa, 14 Februari

Baba Seli amekuja na zawadi ya Valentino, imefungwa kwenye karatasi ya dhahabu. Kiberiti cha gesi cha plastiki. Chekundu, kina picha ya moyo, na chini kina tochi. Ukibonyeza tochi, moyo unawaka.

Nimecheka. Sikutaka kucheka, lakini nimecheka mpaka nikakaa chini, naye akaanza kucheka kwa woga, kama mtu anayejaribu breki. Siku saba hatujacheka pamoja. Nilikuwa nimemkumbuka, mjinga huyu.

Usiku wakati wa kula akasema atanipeleka Piyaya. Mimi na mgeni. Hatutadai. Tutafika, tutasalimia, tutasema ukweli, liwalo na liwe. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa kumpoteza Paker. Rafiki zake wa kazini, alisema, ni wa kazini. Huyu alimvuta kutoka kwenye tope bila kumjua. Alikuwa anaongea huku anaangalia sahani.

Sikujua. Miaka ishirini na nne ya ndoa, na sikujua kuwa huyu mwanaume ana rafiki.

Kiberiti cha moyo nimekiweka kwenye boksi. Hakihesabiwi.

Jumanne, 18 Februari

Katrin amefika. Mrefu, mpole, kama miaka arobaini, ana vidole gumba vya baba yake hasa, vipana. Nilivitazama vidole vile nikasahau kumkaribisha.

Jioni akakaa barazani, kiti kile kile. Nani kamwambia? Hakunyoosha kiganja. Akatoa kiko cha baba yake akakiweka mezani, na kikopo cha tumbaku, akanitazama.

Evelyn alikuwa amesimama hapo na tabasamu la kazini.

Nikasema laita iko salama. Si uongo — sijui tu. Nikasema iko kwa rafiki wa familia, Piyaya, kesho tutakupeleka mume wangu na mimi. Tabasamu la Evelyn halikutikisika, ila macho yalinigeukia polepole. Baadaye kwenye korido akaniuliza, mama, Piyaya ni nini? Nikamwambia nipe ruhusa ya siku moja, nikirudi utanifukuza ukipenda. Akanipa. Akaongeza kwamba ninywe maji, sura yangu haiko vizuri.

Jumatano, 19 Februari

Naandika ndani ya gari. Saa nane na robo mchana. Piyaya. Nimekuja kuchukua petroli ya laita kwenye mkoba, ndivyo nilivyowaambia. Daftari nalo lilikuwemo kwenye mkoba.

Niandike kwa mpangilio au sitaweza kutoka humu.

Tumepita geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu mtupu. Kule juu, wageni wanaposimama kuangalia kreta, hapakuwa na kreta, palikuwa na bakuli la maziwa. Nikaona hapa ndipo. Nikamwambia Katrin yote, kwa Kiingereza changu cha vyumbani, pale kilipoishia Baba Seli akasaidia. Boksi, kuazima, tope, mzee, kondoo, plagi. Baba Seli ameshika usukani kwa mikono miwili kama siku ya mtihani wa leseni, na gari limezimwa.

Katrin akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja. Akauliza kama yule kondoo alikuwa mtamu.

Nikasema sana.

Akacheka kicheko cha baba yake, kile cha puani. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha ya daftari la mzee, akanitafsiria. Evelyn alisoma mstari mmoja tu, lakini ilikuwa mitatu. Laita iko kwa Hyasinta, Karatu. Nilikuwa namwachia ili niwe na sababu ya kurudi. Sasa msimdai, ni yake.

Ni yangu! Katrin hakuja kuichukua. Alitaka tu kuwasha kiko cha baba yake mara moja kwa moto wake, basi. Nililia tangu pale mpaka njia panda ya Olduvai. Baba Seli ananipa leso. Kufika Nasera nikaacha kulia nikaanza kukasirika upya, maana kumbe mwanaume huyu hakugawa ya mgeni, amegawa ya kwangu. Nikamwambia hivyo. Akasema lakini wakati ule ilikuwa bado ya mgeni. Nikamwambia anyamaze aendeshe.

Piyaya ni kijani kitupu, nyasi fupi, ng'ombe kila mahali. Mzee Metui alikuwa nje ya boma lake, mrefu, mkavu, shuka jekundu, mkebe wa ugoro shingoni. Havuti hata sigara! "Paker," akasema. "Paker," akasema Baba Seli, na sauti haikutoka vizuri. Mzee akanigeukia, akanisalimia kwa Kimasai, "takwenya", nikaitikia "iko" kama Sinyati alivyonifundisha. Tukapewa vigoda, tukapewa chai ya maziwa matupu.

Kisha akaingiza mkono ndani ya shuka akaitoa.

Yenyewe. Imechakaa kidogo, imepata mafuta ya mkono, kibonyeo chake kile kile. Akasema petroli iliisha baada ya miezi miwili tu, na yeye moto anao nyumbani, hakuhangaika. Akatuonyesha kazi yake. Akafungua, akafunga. Klak. Ndama waliokuwa wamelala kando ya ua wakainuka wote, wakaja mbio, kama kumi hivi, wakamzunguka. Kila mmoja akapata magadi kidogo kiganjani. Ndivyo anavyowaita siku hizi. Anasema mluzi wanausikia kwa kila mtu, ila sauti hii ni ya kwake peke yake.

Katrin alikuwa amesimama. Ameweka mkono mdomoni. Baadaye akasema utotoni akiwa kitandani alikuwa akisikia sauti ile chumba cha pili, ndipo anajua baba amerudi, analala.

Metui akauliza mgeni ana nini. Na Baba Seli, nampa haki yake, akavua kofia akasema. Kimasai, Kiswahili, vyote. Ilipofika plagi mzee akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka. Akaomba arudiwe. Kisha akaacha kucheka, akaongea Kiswahili ili sote tusikie.

"Kondoo alikuwa wangu. Nilimzalisha mimi. Laita haikuwa yako." Akamtazama Baba Seli. "Sasa jina hili tunaitana la nini?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Baba Seli akavaa kofia, akaivua tena. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku tuliyomzika baba yake.

Mzee akaniita karibu. Akaichukua laita akaiweka kiganjani mwangu, hivi hivi kama Mzee Rainer, akanifunga vidole. Akasema ilitoka nyumbani kwako bila wewe. Mwenyewe aseme inakwenda wapi.

Katrin akasema kama mama atakavyo.

Nami nikasema nakwenda kuchukua petroli.

Nimeijaza. Pamba ilikuwa kavu kama unga, imekunywa yote. Jiwe bado zima. Nimewasha mara moja tu, imeshika! Mwali umelala upande kama zamani. Nimeangalia mpaka macho yakauma. Niseme ukweli, hapa hakuna msomaji: naitaka. Sijawahi kutaka kitu hivi. Arobaini na mbili zile nilipewa kwa sababu watu walikuwa hawana pa kuziweka. Hii mtu aliniwazia, akaandika jina langu kwenye daftari lake akiwa anakufa. Nikiitia kwenye mkoba huu, hakuna hata mmoja pale atakayesema neno, na mume wangu ataendesha mpaka Karatu kimya, na simu ya Paker haitalia tena.

Na nilikunywa ile supu. Mara mbili.

Nimeifunga. Klak — kwa mazoea tu, mkono wangu umezoea. Ndama wameinuka. Wanakuja huku, wote, mbio, mikia juu. Wa kwanza amefika mlangoni, ametia kichwa, ananilamba goti. Wa pili anavuta kona ya daftari. Sina magadi, nina karafuu tu za Martha, na nyuma naona Katrin anacheka, Baba Seli amesimama kama mti, mzee ametulia anasubiri.

Nimetoa kichwa dirishani nimwite Mzee Metui aje awachukue ndama wake. Nilitaka kusema Mzee Metui. Nimesema Paker, mimi niliyemla kondoo wao.

Wamegeuka wanaume wote wawili. Mzee anakuja, polepole, mkono ndani ya shuka anatafuta magadi, na laita bado naibana kiganjani, imepata joto la mkono.